Akili Mnemba na Nidhamu ya Uandishi wa Programu

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na viongozi, Kijenge, Arusha, katika sherehe za Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



 Miaka kumi katika maisha ya Chama si haba. Katika nchi yetu vyama vya ushirika vimepata kuzaliwa, kukua, kuvunjwa na kufufuliwa. Jirani zetu wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha wapandaji wa kahawa mwaka 1925, na Chama Kikuu chao kikaanza mwaka 1933. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kuvirudisha. Kwa hiyo chama kilichotimiza miaka kumi, daftari zake zikiwa safi na wanachama wake wakiwa bado wanapeleka mazao yao, kina haki ya kushangilia. Nawapeni hongera.

Ndugu Mwenyekiti aliniomba nijibu swali ambalo Bodi inalo mezani. Chama chenu chataka programu ya kompyuta ya kuandikia mizigo ya mizani na malipo ya wanachama. Mashauri mawili yameletwa. La kwanza lataka mafundi kadhaa, muda wa miezi mingi, na fedha si kidogo. La pili lasema kwamba siku hizi akili mnemba huandika programu yenyewe. Kwamba kijana mmoja mwenye kompyuta aweza kuikamilisha kazi hii kwa wiki moja. Na kwamba desturi ya mafundi kupanga, kujaribu na kukaguana imepitwa na wakati. Je, ni kweli? Mashine iandikayo programu yaweza kuchukua nafasi ya nidhamu ya uhandisi wa programu?

Jibu langu nalitoa mapema, ili asiwepo mtu wa kungoja hadi mwisho. Jibu ni hapana. Mashine yaweza kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya kuandika. Nidhamu haiwezi kuichukua, kwa kuwa nidhamu haikuwa kazi ya kuandika tangu mwanzo. Hata hivyo sikuja hapa kuwashauri muikatae mashine. Nimekuja kuwaomba mjue ni kitu gani mnakinunua na ni kitu gani hakinunuliki.

Programu ni masharti

Kila mwanachama hapa ayajua masharti ya Chama. Ndani yake imeandikwa nani awe mwanachama, hisa ni kiasi gani, makato yatakatwa vipi, na malipo ya pili yatagawanywa kwa njia gani. Programu ya mizani na malipo nayo ni masharti, ila yameandikwa kwa lugha ya mashine. Ndani yake imeandikwa kwamba mzigo ukipimwa, kilo kadhaa ziwekwe katika jina fulani. Kwamba mkopo wa pembejeo ukatwe kwanza au ukatwe baadaye. Kwamba fedha ziende katika simu hii au katika akaunti ile.

Sasa fikirini jinsi masharti ya Chama yanavyopatikana. Kuyapiga chapa ni kazi ya karani mmoja, nayo huweza kumalizika mchana mmoja. Lakini yale yaliyopigwa chapa si masharti bado. Yatakuwa masharti yatakapokwisha kusomwa mbele ya mkutano mkuu, yakajadiliwa, yakarekebishwa, yakapigiwa kura, kisha yakaandikishwa kwa Mrajis. Hakuna mwanachama ambaye angekubali kuambiwa kwamba, kwa sababu sasa tunayo mashine ya kupiga chapa kwa kasi kubwa, basi mkutano mkuu hauna kazi tena. Ndivyo ilivyo kwa programu. Kasi ya kalamu haiondoi haja ya mkutano.

Neno lenyewe, uhandisi wa programu, lilipata nguvu katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Garmisch, Ujerumani, mwezi wa Oktoba mwaka 1968. Wakati huo programu kubwa zilikuwa zikichelewa, zikigharimu kupita makadirio, na zikitoa majibu ya makosa. Wataalamu wale walichagua neno uhandisi kwa makusudi, ili waonyeshe kwamba mwandishi wa programu yampasa kuwajibika kama mjenzi wa daraja awajibikavyo. Kutokana na mwelekeo huo zikakua desturi ambazo mafundi wazifuata hadi leo: kwanza kueleza kwa maandishi kinachotakiwa, kujaribu kila sehemu, mtu mwingine kuisoma kazi ya mwenzake, kuweka kumbukumbu ya kila badiliko, kuhifadhi nakala za akiba, na kuwapo mtu ajibuye kasoro ikitokea.

Akili mnemba ya siku hizi ni mashine iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno, pamoja na programu nyingi zilizoandikwa na watu. Ukiieleza haja yako kwa maneno ya kawaida, hukuandikia programu inayofanana na zile ilizofunzwa. Mara nyingi huandika vizuri, na kwa kasi ambayo fundi hawezi kuifikia. Mwezi wa Februari mwaka 2025 fundi mashuhuri aitwaye Andrej Karpathy alieleza mtindo mpya wa kuiachia mashine iandike yote, mtu akikubali kila kitu pasipo kukisoma. Mtindo huo ukaenea duniani kote. Lakini yeye mwenyewe alisema kwamba hauwi mbaya sana kwa vijikazi vya mwisho wa juma, vya kutumika na kutupwa. Wengi walioupokea mtindo huo walilisahau onyo lake.

Nusu kilo

Natoa mfano, ili maneno haya yasibaki hewani. Tuseme kijana wetu aiambia mashine: niandikie programu ya kupokea uzito wa kahawa ya kila mwanachama na kuujumlisha. Mashine yaandika. Lakini hakuna aliyeiambia kwamba mizani yetu husoma hadi sehemu ya kumi ya kilo, nayo ikachagua kuweka kilo nzima nzima na kuacha kilichozidi. Kijana ajaribu: kilo 20, sawa, kilo 35, sawa, jumla kilo 55, sawa. Programu yapelekwa mizanini.

Mama mmoja aleta kilo 37.6. Programu yaandika 37. Hakuna atakayelia kwa sehemu ya kilo. Lakini tuseme mizigo 300 yapimwa kwa siku moja katika vyama vyote vya msingi, na kila mzigo wapoteza karibu nusu kilo. Hizo ni kilo 150 kwa siku. Tuseme upokeaji waendelea siku 40. Hizo ni kilo 6,000, yaani tani sita. Na kahawa hiyo haikuyeyuka. Ipo ghalani, wala haimo katika jina la mtu yeyote. Nanyi mnajua, ndugu zangu, kwamba kahawa isiyo na mwenyewe haichukui muda mrefu kumpata mwenyewe.

Kosa hilo si la akili mnemba peke yake. Mtu pia angeweza kulifanya. Tofauti iko katika yale yanayofuata. Kama kuna nidhamu, karani wa mizani aliyefanya kazi miaka mingi ataitwa kabla programu haijaanza kutumika, naye atauliza katika dakika ya kwanza: je, ikija 37.6? Kama hakuna nidhamu, hakuna atakayeuliza, kwa kuwa kijana hajui mizani na mashine haijawahi kuiona Meru.

Na hilo la uzito ndilo jepesi. Yapo magumu zaidi. Mzee akifariki katikati ya msimu, malipo ya pili yaandikwe kwa jina la nani? Mke aliyelima na kuvuna, lakini uanachama ni wa mumewe aliyehamia mjini, fedha ziende katika simu ya nani? Wanachama wawili wenye majina yale yale matatu watatofautishwa kwa nini? Karani wa mizani akiugua, nani aruhusiwe kuandika mahali pake, na itajulikanaje kwamba aliandika yeye? Maswali haya hayana jibu katika vitabu vilivyofunza mashine. Majibu yake yamo katika mikutano yenu. Basi hapa ipo hatari ambayo nataka kila mmoja aikumbuke: mashine haiachi pengo. Mtu akiulizwa asichokijua, aghalabu husita. Mashine, isipoambiwa la kufanya, mara nyingi hujiamulia yenyewe, na uamuzi wake hujificha ndani ya maandishi ambayo hakuna aliyeyasoma. Hayo yatakuwa masharti ambayo mkutano mkuu haukuyapitisha.

Yaliyotokea katika nchi yetu

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo mapya, na kwamba hatuna mfano wa kutuongoza. Mfano tunao, tena wa hapa hapa nyumbani.

Kompyuta ya kwanza katika Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Nia ilikuwa njema: nchi changa yataka kwenda mbele, na hesabu za Serikali zilikuwa zikiongezeka kila mwaka. Ikaamuliwa kwamba hesabu zihamishiwe katika mashine. Lakini wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, na shughuli yenyewe ilikuwa kubwa. Kazi haikufaulu. Fedha nyingi zilitumika bure, hesabu zikavurugika, na ikabidi kurudia njia ya mikono. Mashine ilijua kujumlisha. Kilichokosekana ni watu waliozoea kuiandalia kazi, kuikagua na kuisahihisha.

Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Twaweza kuyaelewa machungu yaliyoleta amri ile. Lakini marufuku nayo haikutufunza nidhamu. Ilipolegea katika miaka ya 1980, tulikuta wenzetu wamekwenda mbele, nasi tukawa na kazi ya kuwafukuzia.

Katika habari hiyo yamo makosa mawili, wala si moja. La kwanza ni kuiamini mashine kabla ya kuwaandaa watu. La pili ni kuifukuza mashine badala ya kuwaandaa watu. Leo shauri la pili lililo mbele ya Bodi laweza kututia katika kosa la kwanza. Na likitupata hasara, nina hakika watatokea watu wa kututia katika la pili.

Yaliyotokea kwa wengine

Tazameni na Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 shirika la posta la huko liliweka mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ambayo leo ni sehemu ya Fujitsu, kwa ajili ya hesabu za wakuu wa posta ndogo ndogo za vijijini na mitaani. Mfumo ulikuwa na kasoro. Ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wakuu wale walipolalamika waliambiwa kwamba mashine haikosei. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu; wengine walifungwa, wengine walifilisika, na wako waliokufa kabla ya kusafishwa majina yao. Bwana Alan Bates na wenzake, jumla yao 555, wakaungana na kwenda mahakamani, na mwezi wa Desemba mwaka 2019 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile.

Programu ile iliandikwa na watu, miaka mingi kabla ya akili mnemba ya leo. Naitaja kwa sababu yaonyesha ni nani hulipa pale nidhamu inapokosekana. Hakulipa aliyeandika programu. Alilipa karani. Ninaona makarani wetu wa mizani wameketi pale nyuma. Siku programu ikionyesha upungufu wa kilo 200, swali la kwanza la wanachama litakuwa: karani ameiba? Karani ambaye programu yake ilikaguliwa ana ngao. Karani ambaye programu yake iliandikwa kwa wiki moja, wala haikusomwa na mtu, hana.

Mfano wa pili ni wa juzi. Mwezi wa Julai mwaka 2025 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akitengeneza programu kwa msaada wa akili mnemba ya kampuni ya Replit. Alikuwa ameiagiza isibadili kitu. Hata hivyo ilifuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, yenye kumbukumbu za wakuu wa makampuni zaidi ya 1,200. Kisha ikamwambia kwamba haiwezekani kuzirudisha, na hilo nalo halikuwa kweli, kwani zilirudishwa. Mkuu wa kampuni aliomba radhi, akatangaza kwamba hifadhidata ya majaribio itatengwa na ile ya kazi. Angalieni dawa waliyoitumia. Kutenga majaribio na kazi ni nidhamu ya zamani ya uhandisi. Mashine mpya kabisa iliponywa kwa kanuni kongwe.

Mfano wa tatu wahusu kasi. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR, huko Marekani, iliwapima mafundi stadi 16 katika kazi 246 za programu walizozijua vizuri, nyingine wakisaidiwa na akili mnemba na nyingine bila msaada. Baada ya kazi mafundi walidhani kwamba msaada ule uliwaongezea kasi kwa asilimia 20. Saa ilionyesha kwamba walichelewa kwa asilimia 19. Sisemi kwamba itakuwa hivyo daima. Mashine zabadilika kila mwezi, na kwa kazi za namna nyingine zaweza kusaidia sana. Nasema tu kwamba hata stadi hakujua hali yake mwenyewe mpaka alipopimwa. Mkulima hahitaji kufundishwa jambo hilo. Gunia likiinuliwa kwa mkono huonekana zito; uzito wake husemwa na mizani.

Mfereji na wachimbaji wake

Isije ikafikiriwa kwamba naidharau mashine. Mimi mwenyewe huitumia kazini kila siku. Hunisaidia kusoma programu za zamani zilizoachwa na watu wasiojulikana. Huandika majaribio ambayo mafundi wavivu hawayaandiki. Hunionyesha kosa ambalo macho yangu yamelipita.

Lakini katika miteremko ya Mlima Meru wazee wetu walichimba mifereji kwa majembe, na kazi ile ilichukua muda mrefu na jasho jingi. Leo katapila laweza kuchimba kwa siku moja. Je, katapila limeondoa kazi ya kamati ya mfereji? Nani apate maji Jumatatu na nani Jumanne. Nani asafishe sehemu ya juu kabla ya mvua. Nani atozwe faini akifungua maji usiku. Maji yakizidi yageuzwe wapi ili yasiingie katika nyumba ya jirani aliye chini? Katapila halijui hata moja kati ya hayo. Tena, kwa kuwa lachimba kwa kasi, likikosea mwinamo laharibu shamba kubwa kabla mtu hajapiga kelele. Kwa hiyo kamati ya mfereji ina kazi zaidi siku hizi kuliko siku za majembe.

Basi na sisi, akiba tutakayoipata katika kuandika yatupasa tuipeleke katika kukagua. Huu ndio ushauri wangu kwa Bodi kuhusu fedha. Asije mtu akasema kwamba kwa kuwa kuandika kumekuwa rahisi, fedha yote ibaki mfukoni. Fedha hiyo ndiyo itakayomlipa msomaji wa pili, itakayogharimia majaribio ya msimu mzima, na itakayomfunza karani.

Kadhalika si kila kazi yahitaji uzito ule ule. Programu ya kuchapa barua za mwito wa mkutano, au ya kupanga orodha ya viti vya sherehe kama hii, mwachieni kijana na mashine yake, ikikosea, mtacheka. Programu inayogusa kilo, fedha, au uanachama wa mtu, hiyo yataka nidhamu yote, ndogo na kubwa, hata kama imeandikwa na mashine bora kupita zote duniani.

Mambo ya kufuata

Nawapendekezeeni mambo sita.

Kwanza, kabla mtu hajaigusa kompyuta, yaandikwe kwa Kiswahili mambo yote ambayo programu itayaamua: sehemu za kilo, utaratibu wa makato, warithi, majina yanayofanana, malipo ya pili. Maandishi hayo yasomwe na makarani na wenyeviti wa vyama vya msingi, kisha yapitishwe na Bodi. Mashine ipewe maandishi hayo; isiachiwe kuyabuni.

Pili, programu ipewe mtihani ambao majibu yake yanajulikana. Daftari za msimu uliopita mnazo. Ziingizwe zote, na jumla ya kila mwanachama ilinganishwe na ile aliyolipwa. Kisha msimu mmoja mzima programu na daftari ziende pamoja, mpaka zipatane.

Tatu, aandikaye asiwe mkaguzi wa kazi yake. Mnalijua hilo katika fedha: mtunza hazina hajikagui, na kwa ajili hiyo lipo Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Basi programu iliyoandikwa na kijana pamoja na mashine isomwe na fundi mwingine, ambaye ataweza kueleza kila sehemu yake. Sehemu isiyoelezeka iondolewe.

Nne, kila badiliko liwe na tarehe, sababu na jina la aliyeliruhusu. Majaribio yafanyike mbali na hesabu za kweli. Na nakala za akiba zitunzwe mahali pengine. Tena msiridhike kuwa na nakala. Mara moja kila msimu jaribuni kuzirudisha, ili mjue kwamba zinarudi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililo katika kompyuta lataka ulinzi kama lile la karatasi.

Tano, mwanachama apewe stakabadhi mkononi kila anapopima, na awe na haki ya kupinga anachokiona. Wala asishtakiwe karani yeyote kwa neno la mashine peke yake, mpaka programu yenyewe ichunguzwe. Kadhalika majina, namba za simu na akaunti za wanachama zisimwagwe katika akili mnemba kwa ajili ya majaribio. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo yavihusu vyama kama iwahusuvyo wengine. Kwa majaribio tumieni majina ya kubuni.

Sita, na hili ndilo kubwa, awepo mtu mwenye jina ambaye anaijibia programu. Mkutano mkuu ukiuliza kwa nini kilo za mama fulani zimepungua, mashine haiwezi kusimama na kujibu. Haina aibu, haina cheo cha kupoteza, wala haina jirani wa kukutana naye njiani kesho. Mtu asiyeweza kuieleza programu asiruhusiwe kuiweka kazini, hata kama yafanya kazi.

Vijana wetu

Neno la mwisho ni kuhusu vijana. Kijana aliyeleta shauri la pili msimvunje moyo. Ana bidii, naye ameona jambo la kweli, kwamba chombo kipya kimekuja. Hapa Arusha tunazo shule za kumwongoza: Chuo cha Ufundi, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia kule Tengeru. Mwekeni pamoja na fundi mzoefu na karani wa mizani. Fundi atamfunza kukagua, karani atamfunza mizani, naye atawafunza wote wawili kuitumia mashine. Katika miaka michache Chama kitakuwa na mtu wake mwenyewe anayeijua programu yake, badala ya kumtafuta mgeni kila inapoharibika. Hilo lingalikuwapo kwa wingi katika nchi yetu mwaka 1965, huenda amri ya mwaka 1974 isingehitajika.

Ndugu wanachama, chama cha ushirika hakikuanzishwa kwa sababu wakulima hawakuweza kuuza kahawa mmoja mmoja. Waliweza. Kilianzishwa kwa sababu mmoja mmoja hakuweza kuikagua mizani ya mnunuzi. Mizani sasa imehamia ndani ya programu. Kazi ya kuikagua ni ile ile, na mwenye kazi hiyo ni yule yule, yaani ninyi. Shauri hili litakapofika katika mkutano mkuu, msiulize tu itachukua siku ngapi na itagharimu kiasi gani. Ulizeni pia nani ameisoma, imejaribiwa kwa daftari gani, na nani ataijibia. Mkipata majibu matatu hayo, ipokeeni kwa mikono miwili, iwe imeandikwa na mtu au na mashine. Msipoyapata, irudisheni.

Nawatakia miaka kumi mingine ya umoja na mavuno mema.